Gesti ya nyumba ya zamani Ujiji: omba chumba cha uani

Kwa anayetaka kupiga simu leo leo naanza na la muhimu. Ukiulizwa unataka chumba cha upande gani sema wa uani, ule wa zamani, vyumba vitatu vinavyotazama mwembe, na ukiambiwa vimejaa bora usubiri wikiendi nyingine. Upande wa mbele umekarabatiwa juzi juzi, una marumaru zinazoteleza, jipsam yenye taa za rangi rangi, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, na bei yake ndio kubwa, ila kulala kule hakuna tofauti na kulala gesti yoyote ile ya Mwanga au Kasulu, na mtu hafungi safari kwenda Ujiji kwa ajili ya marumaru.

Ni nyumba ya familia hii, bibi na wajukuu zake, sio hoteli na bango hakuna. Bibi hataki jina lake lizagae kwenye simu za watu na mimi nimemheshimu, kwa hiyo hapa nitasema kwa Bibi tu, mwenye nia kweli aniandikie pembeni nimuunganishe na mjukuu anayeshika daftari la wageni. Kufika ni rahisi sana, kutoka Kigoma mjini unapanda daladala za Ujiji au bajaji kama una mizigo, ni kilomita chache tu, na hilo ndilo linanifanya niisemee hii nyumba kwa nguvu zote, maana sisi watu wa Kigoma tukisikia wikiendi ya mapumziko tunawaza Dar, tunawaza Zanzibar, tunaanza kuhesabu nauli, wakati mji mkongwe kuliko Kigoma yenyewe uko hapo hapo na tunaenda tu kwenye misiba na harusi tukimaliza kula tunarudi. Reli ya Mjerumani inafika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ilishakuwa mji wa watu siku nyingi, wale wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa pwani wameshawatangulia na soko linaendelea.

Sasa nyumba yenyewe. Mlango kwanza.

Mimi kazi yangu ni mapazia na mashuka, naingia kwenye nyumba za watu karibu kila siku kupima madirisha, nimeshazoea mageti ya chuma na ile milango ya kuagiza ambayo masika ya kwanza tu inavimba haifungi tena. Huu ni wa mninga, mbao mbili nzito, katikati una mfaa uliochongwa maua kuanzia juu hadi chini, na kwenye fremu pande zote umezungushiwa nakshi ya mnyororo, pete ndani ya pete. Nilikaa barazani nikaufuata ule mnyororo kwa kidole, na pale chini karibu na kizingiti, mkono wa kushoto, pete mbili za mwisho zimebanwa, ni ndogo kuliko wenzake, fundi aliona mbao inaisha na hesabu yake haijatimia akazipunguza zikaingia. Misumari ya shaba mingine imeng'oka na mahali pake pamebaki matundu meusi, nashukuru hawajaziba kwa puti wala hawajapaka vanishi ile ya kung'aa, wanaupaka mafuta tu kila mwaka basi, na ukiweka kiganja unasikia mistari ya mbao yenyewe.

Nilimuuliza Bibi mnyororo ni wa nini. Akasema wazee walikuwa wanasema unafunga shari isiingie ndani. Halafu akanyamaza kidogo akaongeza kwamba wazee wa upande wa mama yake walivuka ziwa kutoka Manyema, Kongo ya sasa, na hawakuvuka kwa kupenda. Alisema hivyo huku anachambua mchele, hakuinua kichwa.

Hilo lazima nilizungumzie kwenye maoni haya kwa sababu nimeona watu wanapiga picha milango ya namna hii wanaandika "vaibu" wanaondoka. Njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilianzia hapa Ujiji ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, ndiyo ile ambayo mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya awali ya UNESCO ikisubiri kuwa urithi wa dunia, na fedha zilizolipa mafundi wa nakshi zilitoka kwenye biashara hiyo hiyo. Nyumba ni nzuri na naipenda. Lakini uzuri wake umetoka pale, na kinachonifanya niipe hii familia alama za juu ni kwamba hawakufichi, mjukuu akikuzungusha anakueleza yote, mlango ni wa nini, ghala lilikuwa wapi, nani alikuwa anaingia kwa mlango huu na nani alikuwa anazungushwa nyuma, hafupishi ili mgeni afurahi. Mgeni kutoka Dar tuliyekuwa naye siku ile alitaka kuhamisha mazungumzo kwenye swimingi puli ya hoteli fulani, yule kijana akamaliza kwanza habari yake kwa adabu kabisa ndio akamjibu.

Chumba changu kilikuwa cha katikati. Kuta zimepakwa chokaa iliyochanganywa na neli, bluu ile ya kufifia, juu imekolea chini imepauka kwa sababu ya kufutwa futwa, ukiegemea bega linatoka na unga wa buluu kwa hiyo usivae nguo nyeusi. Ukuta ni wa matofali mabichi na udongo, mnene haswa, dirisha limezama ndani kiasi kwamba ukilaza mkono kwenye kizingiti chake kiwiko kinagusa mwanzo na ncha za vidole ndio zinafika nje. Dari ni boriti zimepangwa na juu yake udongo umeshindiliwa halafu ndio bati. Saa nane mchana jua la Ujiji unalijua, nje huwezi kukanyaga mchanga peku, ndani nilikuwa nimejifunika khanga. Hakuna feni kwenye kile chumba na haihitajiki, udongo ule mnene unachelewesha joto, mchana kutwa unalimeza polepole na mpaka lije kufika ndani jua limeshazama, unafungua dirisha upepo wa ziwa unaingia mambo yameisha.

Upande wa mbele je? Feni mbili kila chumba na bado watu wanalalamika. Kuta ni zile zile za udongo lakini wamezipiga plasta ya saruji ndani na nje, na hapa naomba mtu yeyote mwenye nyumba ya babu yake asome mara mbili, ukuta wa udongo unavuta unyevu kutoka ardhini na unautoa nje kupitia ngozi yake, ukiuvalisha saruji unyevu unakosa pa kutokea, unabaki ndani, udongo unalainika taratibu huku wewe kwa nje unaona pako safi, siku moja plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Kwa Bibi dalili zimeshaanza, chini kabisa karibu na sakafu plasta imetoa malengelenge, ukigonga inalia utupu. Mjukuu ndiye aliyenionyesha mwenyewe, wala hakuona haya, alisema fundi aliwaambia udongo ni umaskini wakamwamini, na gharama ilikuwa kubwa. Mimi sina ugomvi na ukarabati, nyumba isipokarabatiwa inaanguka, Ujiji ziko nyingi zimeanguka, mlango umeuzwa na mwembe umebaki peke yake. Ila udongo unatibiwa kwa udongo na chokaa, mafundi wa kusiliba wapo, mchanga upo, na ni rahisi kuliko mifuko ya saruji.

Nilisoma Tabora, nimewahi kupelekwa na shule lile tembe la Kwihara walilokaa Livingstone na Stanley walipotoka huku, waliingia pale Februari 1872. Limejengwa upya lile lakini kwa mtindo ule ule, kuta nene, milango ya nakshi, na ubaridi ule ule ukiingia kutoka juani. Kwihara unaangalia unatoka. Kwa Bibi unalala ndani yake, unaamka, unanywa chai, ndio tofauti na ndio sababu nasema nyumba kama hizi zikiachiwa zilaze wageni zitadumu kuliko zikifungwa.

Fenicha. Kitanda ni samadari ya chuma, vichwani ina vifundo vya shaba na kimoja kimepotea wakaweka kizibo cha mbao kilichochongwa vizuri tu. Godoro jipya, gumu kiasi, mgongo wangu umelipenda. Kuna kabati la vioo la vyombo limehamishiwa chumbani linatumika kama la nguo, kuna mkeka wa ukindu chini badala ya kapeti, na ukutani vishubaka vitatu, kimoja wameweka chemli, kimoja birika dogo la shaba na kingine wamekiacha kitupu uweke vitu vyako, miwani, simu, hereni. Hicho kitupu ndicho kilichonifurahisha zaidi, mtu aliyepanga hiki chumba alifikiria mgeni ana vitu. Vitambaa vya kufuma vipo juu ya kila kitu kama kawaida ya bibi zetu, vyeupe, vimefuliwa kwa neli vimepigwa pasi ya mkaa, alivifuma mwenyewe na mabinti zake.

Kitu kimoja kinachoharibu chumba, na hapa naongea kwa kazi yangu, ni mapazia. Ni yale ya poliesta yenye mng'ao, rangi ya maziwa na maua ya dhahabu, yametundikwa kwenye fimbo ya plastiki, kwenye dirisha la namna ile! Mwanga wa asubuhi ukipita unakuwa wa manjano wa hospitali, buluu yote ya ukuta inakufa. Nilimwambia mjukuu achukue merikani, pamba ile isiyopaushwa, mita yake sio ghali, na ndicho kitambaa kilichokuwa kinatembea na misafara kama fedha, mtu alikuwa ananunua chakula njia nzima kuanzia pwani hadi huku kwa mikono ya merikani, kwa hiyo hata kwa historia kiko nyumbani. Dirisha dogo halihitaji pazia la kukunjamana, kipande kimoja tu kilichonyooka, kamba juu, basi. Khanga kuukuu nayo ingefaa. Nimejitolea kumkatia bure vyumba vyote vitatu, amesema atamuuliza Bibi.

Uani ndipo utakapokaa muda wako mwingi. Kuna mwembe mkubwa, mtungi wa maji kwenye kivuli na kata ya kifuu juu yake, jiko la kuni pembeni chini ya kibanda, na viti vya kamba viwili ambavyo ukiwahi kukaa hutoki. Ubaya wake ni kwamba wageni wakizidi wanaletewa viti vya plastiki vyekundu vya kampuni ya soda na muonekano wote unavurugika, mikeka ipo mingi stoo, watandike tu watu wakae chini, hakuna mgeni wa Ujiji atakayekataa. Na ile spika ya blututhi. Walituwekea muziki wa kutukaribisha kwa sauti ya juu, nia nzuri kabisa, ila ukiomba wazime wanazima mara moja hawanuni.

Chakula lazima useme mapema, asubuhi kwa chakula cha mchana, mchana kwa cha usiku, kwa sababu wanakwenda kununua mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, sio kutoa kwenye friji. Tulikula mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuungwa kwa mawese na ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa kwa kinu sio kusagwa kwa mashine, ukiitia mdomoni unasikia bado ina nyuzi kidogo, karanga zimepita kwa mbali, na pilipili mbuzi imewekwa pembeni nzima nzima mwenye kutaka aibonyeze mwenyewe. Mawese yao hayana ile harufu ya kuungua, Bibi anasimamia mwenyewe na hataki mtu aguse sufuria. Chai ya asubuhi ni ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, maandazi, siku ya pili chapati. Mayai yapo ukitaka. Kahawa ni ya unga wa kopo, hapo wamenishangaza, mkoa wa Kigoma unalima kahawa, hiyo warekebishe.

Kuhusu lini uende, hapa nitaongea kirefu kidogo kwa sababu wikiendi hii hii ukienda miezi tofauti unapata nyumba tofauti.

Kuanzia Mei mwishoni mpaka Agosti ni kiangazi, usiku kuna kaubaridi, barabara za vumbi zinapitika, ni wakati mzuri kwa mwenye watoto au wazee kwa sababu choo kiko ng'ambo ya ua na hamtalowana. Ila uulize kwanza habari za ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ukienda kipindi cha namna hiyo usitegemee mgebuka mbichi, utakula dagaa wakavu na maharage na sombe, ambavyo kwa Bibi bado ni chakula cha heshima lakini ujue mapema usije ukanuna. Agosti kwenda Septemba nyika inachomwa, moshi unatanda juu ya ziwa, ukienda ufukweni huoni ng'ambo, ni weupe tu, jua linazama kabla halijafika majini.

Mimi moyo wangu uko Novemba na Desemba. Mvua za kwanza zikishapita zinaosha hewa, na asubuhi yake milima ya Kongo inatokea ng'ambo, sio kivuli, unaona mpaka mikunjo ya mabonde. Embe zinaanza kuiva, usiku zinadondoka juu ya bati la jikoni unashtuka mara ya kwanza halafu unazoea. Kumbikumbi wanatoka baada ya mvua wanajaa kwenye taa, watoto wa mtaani wanakuja na mabeseni uani kwa Bibi bila hata kubisha hodi na yeye anawaachia, ilikuwa fujo ya kupendeza sana ile. Radi usiku juu ya ziwa ni kitu kingine, zinapiga upande wa Kongo muda mrefu bila sauti kukufikia. Mvua ikinyesha yenyewe, ile dari ya udongo inapunguza kelele za bati, mnaweza kuongea, kule mbele kwenye jipsam wanapigiana kelele.

Machi na Aprili siwashauri. Matope, na chumba cha tatu kinavuja kwenye kona ya juu ya mlango, Bibi mwenyewe anasema anakifunga miezi hiyo.

Halafu mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa kuwavuta, zamani karabai sasa hivi nyingi ni za betri na sola, na taa inafanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika. Kwa hiyo ukitaka kuona ziwa limewaka taa mpaka upeo wa macho chagua wikiendi ya mwezi mchanga, ukienda mwezi mpevu utapata mbalamwezi nzuri uani lakini ziwa litakuwa tupu na asubuhi dagaa wabichi watakuwa wa shida. Watu wengi hawaulizi hili wanakuja wanasema walidanganywa.

Mchana ukichoka kukaa unatembea kwa mguu mpaka makumbusho, pale kwenye mnara wa Livingstone na miembe ambayo inasemekana ni chipukizi za ule mwembe waliokutania na Stanley mwaka 1871, kuna masanamu yao wanasalimiana, watoto wanapenda kupiga picha. Dakika chache zinatosha. Mimi nilikaa muda mrefu zaidi ufukweni kwa mafundi wa maboti, wanachana mbao kwa msumeno wa mkono, mmoja alikuwa anakalafati boti jipya, anasokota pamba anaipigilia kwenye mwanya kwa patasi butu, kidogo kidogo, anasogea mkono mmoja anarudia, na hakuona tabu kunijibu maswali yangu. Jumapili wakati wa kurudi pitia stesheni ya Kigoma hata kama husafiri, simama mbele ya zile tao zake uangalie jinsi Mjerumani alivyojengea kivuli, veranda ndefu kabla hujafika kwenye ukuta, jua halikugusi. Majengo yetu mapya mjini yana vioo mbele na joto ndani, na mfano upo mwisho wa barabara kila siku tunaupita.

Mapungufu mengine niyaseme bila kuzunguka. Choo na bafu viko nje, safi kabisa, lakini nje, maji ya kuoga ni ndoo, ya moto unaletewa ukiomba. Chandarua changu kilikuwa kifupi hakifiki kuingizwa chini ya godoro la samadari kwa sababu kitanda ni kirefu kwenda juu, mbu wa Ujiji hawana huruma, nenda na chako kikubwa au waombe wakubadilishie kabla ya magharibi. Soketi ni moja tu chumbani na iko nyuma ya kabati. Adhana ya alfajiri ni karibu, mimi nimeipenda, asiyezoea aamke nayo tu maana saa hiyo ndiyo uani kuna hewa nzuri kuliko saa zote. Na oda zao ni za mdomo, kama hujatuma hela ya kutangulizia usihesabu umepata chumba, kuna wenzetu walifika Ijumaa jioni na mabegi wakakuta wamewekwa upande wa marumaru, wakakubali kwa sababu giza lilishaingia.

Bei nilizolipa, chumba cha uani elfu 30 kwa usiku na chai ndani yake, upande wa mbele ni elfu 45. Sahani ya chakula na samaki elfu 8, bila samaki elfu 5. Kwa kweli wangebadilisha, wa uani ndio uwe 45. Nilimwambia mjukuu hivyo akadhani namtania, nikamweleza kwamba mteja akiona cha uani ni rahisi anajua ndicho kibaya, na wao wenyewe wataamini hivyo mwishowe waje wakiweke marumaru nacho. Tayari kuna fundi amewapigia hesabu ya kupiga plasta vile vyumba vitatu baada ya masika. Bibi hajakubali. Anasema akilala kule mbele anasikia kichwa kizito.

Ninachowaomba mnaokwenda, mkimaliza mwambieni Bibi kwa mdomo wenu ni kipi kimewapendeza, mwambieni kuta, mwambieni mlango, mwambieni kile kishubaka kitupu, kwa sababu mpaka sasa wageni wengi wakisifia wanasifia taa za jipsam na wajukuu wanaandika kwenye daftari. Kwa nyumba na chakula natoa tano kwa tano upande wa uani, upande wa mbele mbili, mapazia sitoi kitu mpaka yabadilishwe. Mimi nimeshatuma hela ya kutangulizia chumba cha katikati kwa wiki ya kwanza ya Desemba, vya pembeni vyote viwili asubuhi ya leo vilikuwa bado wazi, na cha mkono wa kulia ndicho chenye dirisha lililo karibu zaidi na mwembe.